Mume na Mke Watafuta Picha ya Nyumbani

Mtu akikaribishwa katika nyumba ya jirani yake, jambo la kwanza analoliona si fedha iliyofichwa sandukuni wala sahani zilizomo kabatini, bali ni ukuta. Katika nyumba nyingi ukutani pana kalenda ya mwaka uliokwisha kupita, picha ya arusi, na pengine picha ya mtakatifu. Katika nyumba nyingine hapana kitu ila misumari. Leo twapenda kuwasimulia habari za mume na mke mmoja wa mji wa Goma, ambao ukuta wao ulikuwa mtupu, na jinsi walivyotumia siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kutafuta picha nzuri kwa fedha kidogo. Tulifuatana nao siku zote mbili. Majina yao hatuyataji, kwa maana hawakupenda kutajwa. Lakini mashauri yao yaweza kuwafaa wengi.

Mume ni mwalimu wa shule ya msingi. Mke huuza unga na maharagwe sokoni. Wana watoto wanne. Hapo zamani walikuwa na nyumba yao ya mbao upande wa Buhene, kaskazini ya mji. Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka, na mbingu yote ikawa nyekundu. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilishuka ikiunguza vijiji na mashamba, ikakoma hapo Buhene, mlangoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na nyumba elfu kadhaa ziliteketea. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliwaamuru watu wa mitaa mingi ya Goma waondoke upesi, kwa kuwa ardhi ilikuwa ikitetemeka bado. Watu laki kadhaa walishika njia: wengine kwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine kuvuka mpaka hata Gisenyi katika Rwanda, na wengine kupanda mashua kwenda Bukavu.

Jamaa hii iliokoa watoto wote, godoro moja, na mfuko wa vyeti. Picha ya arusi iliungua pamoja na nyumba. Mwaka 2022, tulipowatembelea, walikuwa wamepanga vyumba viwili katika mtaa wa Majengo. Kuta zilikuwa safi, ila tupu kabisa.

SHAURI LA NYUMBANI

Wazo la kununua picha lilikuwa la mume. Mke hakulipokea kwa furaha. Akamwambia, "Baba, watoto hawali picha. Tukiwa na dola arobaini, ni heri tununue mabati, ili siku moja tujenge tena."

Hatuwezi kumlaumu. Mwanamke anayejua bei ya kila kopo la maharagwe hawezi kuona fedha ikienda ukutani bila kuuliza kwa nini. Lakini mume alijibu kwa upole, "Mama, mtoto wetu wa mwisho aliniuliza juzi kama sisi tulikuwa na nyumba kweli, au ni hadithi tu. Hakuna kitu cha kumwonyesha." Mke alinyamaza. Usiku ule hawakukata shauri, wala hawakugombana.

Baada ya siku chache walipatana hivi. Kwanza, ada ya shule na kodi ya nyumba zilipwe kabla ya yote. Pili, fedha ya picha isitoke katika chakula: mume aliacha bia yake ya Jumamosi, na mke akaongeza kidogo kutoka faida yake ya soko. Kwa muda wa miezi sita waliweka fedha hiyo katika bahasha moja, hata ikafika dola 40. Tatu, wasizidishe juu ya bahasha, wala wasichukue deni. Nne, asinunue mmoja kitu ambacho mwenzake hakipendi. Na mke akaongeza sharti la tano, ambalo sisi twaona lilikuwa na hekima kuliko yote: "Tununue kitu kinachochukulika. Tukiambiwa tena tukimbie, mtoto aweze kukibeba."

Katika mji mwingine sharti hilo lingeonekana la ajabu. Katika Goma kila mtu analielewa.

JUMAMOSI: VINYAGO NA MAWE YA KIJANI

Jumamosi asubuhi waliwaacha watoto kwa shangazi yao, wakateremka kwa miguu mpaka katikati ya mji. Walipita penye sanamu kubwa ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo vijana wa Kivu hubebea makaa, kabeji na magunia ya viazi. Sanamu hiyo imepakwa rangi ya dhahabu, na mgeni huistaajabia. Lakini mwenyeji hujua ya kuwa chukudu yenyewe ndiyo inayolisha nyumba nyingi.

Njiani mume alituonyesha kuta za mawe meusi. Katika Goma watu hujenga kwa mawe yale yale ya lava yaliyowaunguzia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji hata kuingia ziwani, ikabomoa nyumba maelfu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walirudi, wakavunja mawe yale yalipokwisha kupoa, wakajengea nyumba na nyua. Hivyo ukumbusho wa ule moto umo katika kuta zenyewe.

Wauzaji wa vitu vya sanaa huweka biashara yao mahali wapitapo wageni, karibu na hoteli na barabara kubwa. Tulikuta vinyago, sanamu za wanyama, vikapu, chukudu ndogo za kuchezea, nguo za ukili, na vitu vya mawe ya kijani. Muuzaji mmoja alimkaribisha mume kwa maneno matamu. "Papa, angalia kinyago hiki cha Warega. Ni cha kale sana, cha babu wa babu." Kilikuwa cheusi, chenye vumbi na ufa. Bei yake, dola 150.

Hapa yafaa tuwaonye wasomaji wetu. Warega, wakaao Kivu ya Kusini na Maniema, wana sifa kubwa kwa vinyago vyao vidogo na sanamu zao za pembe, ambazo zilikuwa vyombo vya chama chao kiitwacho Bwami, vyenye kumwonyesha mtu daraja yake na mafundisho yake. Lakini si kila kinyago cheusi ni cha kale. Mafundi wenye hila huweza kukifukiza kinyago kipya kwa moshi, kukizika ardhini, au kukipaka mafuta na udongo, hata kionekane cha miaka mia. Na kama ni cha kale kweli, basi ni mali ya taifa: sheria ya Kongo ya mwaka 1971 inalinda vitu vya namna hiyo, visitolewe nchini ovyo. Kwa hiyo mwenye kununua kinyago kwa sababu ya ukale wake, ama amedanganywa, ama yumo hatarini kuvunja sheria. Kinyago kipya, kilichochongwa vizuri na kuuzwa kwa jina lake la kweli, hakina aibu yo yote.

Kisha mke alisimama mbele ya kitambaa cha Wakuba, watu wa Kasai. Kitambaa hicho hufumwa kwa nyuzi za mti uitwao rafia. Kwa desturi wanaume hufuma, na wanawake hutarizi juu yake mistari na pembe zinazopishana. Mke alikishika muda mrefu. Alisema, "Huyu aliyeshona hakuwa na haraka." Kilikuwa chepesi, chaweza kukunjwa, tena kizuri. Lakini bei ilizidi bahasha mara mbili, na muuzaji hakutaka kupunguza zaidi. Mume alianza kusema, "Labda tungekopa kidogo..." Mke akamtazama tu, naye akacheka, akaendelea mbele.

Kwenye meza ya mawe ya kijani waliona bakuli, mikufu na wanyama wa malakiti, jiwe la kijani lenye mistari, litokalo Katanga penye madini ya shaba. Malakiti ya kweli ni nzito na baridi mkononi, na mistari yake haifanani kila mahali. Ile ya uongo mara nyingi ni nyepesi, na mistari yake yafanana kama iliyochapwa na mashine. Kibakuli kimoja kilikuwa cha dola 25. Mume alikipenda. Mke alikipima mkononi, akamrudishia. "Baba, ni kizuri, lakini kitasema nini kwa watoto?"

Jioni walirudi mikono mitupu. Mume alikuwa na huzuni kidogo. Mke alimfariji akisema ya kuwa hata sokoni yeye hanunui gunia la kwanza analoliona. Siku ya kwanza ni ya macho, siku ya pili ni ya mfuko.

PICHA ZA KATANGA

Usiku ule, tulipokuwa tukinywa chai, mume alitueleza kwa nini alitaka picha na si kitu kingine. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa migodi huko Lubumbashi. Katika chumba chao cha kuzungumzia palikuwa na picha ya rangi ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, asimuliwaye ya kuwa humpa mtu utajiri kwa masharti magumu. Kila mgeni aliyeingia aliiuliza picha ile, na baba yake alipata nafasi ya kusimulia na kuwaonya vijana juu ya tamaa ya mali.

Mambo hayo ni ya kweli, na yafaa tuyaeleze zaidi. Katika miaka ya 1970, katika miji ya Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, watu wa kawaida wenye mshahara mdogo walikuwa wakinunua picha za kuchorwa kwa mkono na kuzitundika nyumbani. Wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakatembeza kazi zao nyumba kwa nyumba. Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Yeye alijiita mwanahistoria. Miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja, akieleza mambo ya nchi yake toka enzi za mababu hata siku zake. Akampelekea mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, na kumfafanulia kila picha kwa Kiswahili. Fabian alitoa kitabu juu ya picha hizo mwaka 1996, na nyingi zimehifadhiwa mjini Amsterdam, katika Uholanzi.

Waangalieni basi watu wale. Walichora kwa ajili ya majirani zao, si kwa ajili ya matajiri wa mbali. Na majirani hawakununua mambo ya kupendeza peke yake. Picha moja iliyotundikwa katika nyumba nyingi ilionyesha gereza la wakati wa Wabelgiji, ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya watu. Kwa nini mtu atundike huzuni mahali anapopumzika? Walipoulizwa, wenyewe walikuwa na neno moja: ukumbusho. Picha haikuwa pambo tu. Ilikuwa kigingi cha kufungia hadithi, ili mzee apate pa kuanzia na mtoto apate pa kuuliza.

Pwani nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika Tanzania, alianza mwaka 1968 kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya ubao, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akiviuza kwa bei nafuu pale Oysterbay, Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Sanaa nyingi tunayoisifu leo ilianza kwa bei ambayo mpishi au karani aliweza kuilipa.

JUMAPILI: KWA MCHORAJI

Jumapili, baada ya Misa, walikwenda kwa kijana mmoja ambaye huandika vibao vya maduka: vinyozi, maduka ya dawa, watengenezaji wa simu. Mume alikuwa ameona kazi yake juu ya mlango wa duka, akauliza ni ya nani. Hili ni shauri jema: mchoraji hodari mara nyingi yu karibu, na kibao chake umekipita kila siku.

Kijana alitoa picha tatu kubwa. Ya kwanza ilikuwa sokwe wa Virunga katika majani. "Hizi wageni huzipenda," alisema. Ya pili ilikuwa Nyiragongo usiku, moto ukishuka. Ya tatu ilikuwa njia ya Sake: umati wa watu, na katikati chukudu moja imepakiwa godoro, madumu ya maji na sufuria, mtoto ameketi juu, baba anasukuma, mama anafuata na mzigo kichwani. Mlima ulikuwa nyuma, mdogo, bila moto, moshi kidogo tu.

Mume alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlima wenye moto. Ilikuwa kazi nzuri kwa kweli. Alisema, "Hii ndiyo. Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Mke aligeuza uso. "Baba, moto nimeuona. Sitaki kuuona tena kila asubuhi nikipika uji."

"Lakini wewe mwenyewe ulikubali kwamba ni kwa ajili ya ukumbusho."

"Ukumbusho wa nini? Wa kilichotufukuza, au wa sisi tuliotembea? Mlima hauhitaji kukumbukwa. Uko pale pale. Watoto wakumbuke ya kuwa tulitembea pamoja, na hakupotea hata mmoja."

Mume alirudi kwenye ile picha ya tatu, akaitazama kitambo kirefu. Mwisho akasema, "Yule mtoto aliye juu ya godoro ni kama wetu." Basi, wakawa wamekubaliana.

Bei ilikuwa dola 45. Mume alitaka kuomba nusu, kama ilivyo desturi. Lakini mke, kwa kuwa ni mfanyabiashara, aliuliza kwanza: kitambaa ni bei gani, rangi je, fremu je, na siku ngapi za kazi? Kijana alihesabu mbele yao. Kazi ilikuwa ya siku tano. Mke alihesabu kimoyomoyo, akaona ya kuwa kwa dola 20 kijana angekuwa amewapa kazi yake bure. Akamwambia, "Mwanangu, toa fremu, mume wangu atajua kuitengeneza. Tupe kitambaa peke yake, nasi tutakupa thelathini na tano." Kijana akakubali kwa moyo mweupe. Walimwomba aandike nyuma ya kitambaa jina lake, mwaka, na maneno "njia ya Sake, Mei 2021". Dola tano zilizobaki zikanunua mbao nyembamba na misumari, na zawadi ndogo kwa shangazi.

MAFUNDISHO YA SAFARI HII

Twaona hapana budi kukusanya mashauri machache kwa wale wanaotaka kufuata mfano huu. Patana na mwenzio kabla ya kutoka nyumbani, maana sokoni si mahali pa kugombana. Weka kiasi chako katika bahasha, na katika Goma angalia noti zako za dola zisiwe zimechanika hata kidogo, kwa maana wafanyabiashara huzikataa. Usinunue ukale usioweza kuuthibitisha. Nenda kwa fundi mwenyewe ukiweza: atakuuzia kwa bei nafuu, nawe utajua fedha yako imekwenda wapi. Jadili bei, lakini jadili baada ya kuijua kazi. Kumpunja mchoraji ni sawa na kumpunja mlimaji. Na nyumbani, usiitundike picha penye jua kali wala penye moshi wa jiko, na usiifute kwa maji, bali kwa kitambaa kikavu.

Zaidi ya hayo yote, nunua kitu ambacho waweza kukisimulia. Picha isiyo na la kusema, hata iwe ya bei rahisi namna gani, ni ya ghali.

Tuliwaacha wakigongomea msumari. Yule mtoto wa mwisho alisimama chini ya picha akauliza, "Huyu ni mimi?" Mama yake akaketi, akaanza kumweleza.

Yamepita mambo mengi tangu siku ile. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya Goma, na mji ukatwaliwa na wapiganaji wa M23. Watu walilala sakafuni siku kadhaa, risasi zikipita juu ya mabati. Baadaye tulipata habari za jamaa ile: wote walikuwa hai. Usiku wa kwanza wa mizinga, mke alisimama juu ya kiti, akaishusha picha, akang'oa misumari, akakiviringa kitambaa na kukitia katika mfuko ule ule wa vyeti, pamoja na kadi za ubatizo na karatasi za shule.

Hawakulazimika kutoka. Lakini mume alituambia ya kuwa hakumwomba afanye hivyo, wala hakumkumbusha. Yeye aliyesema watoto hawali picha ndiye aliyeishusha. Sasa imerudi ukutani, kwenye msumari wake wa zamani, na alama za kukunjwa zaonekana katikati ya njia ya Sake.